Everton imelipa deni la 1920

Hapa Dar es Salaam watu wengi wanaijua Everton kwa bao moja tu. Tarehe 13 Julai 2017, Uwanja wa Taifa, Wayne Rooney ndiyo kwanza amerudi klabuni akitokea Manchester United, akaachia shuti la mbali likampita kipa wa Gor Mahia. Jacques Tuyisenge akasawazisha, Everton wakashinda 2-1, watu wakatawanyika. Leo ukiitaja Everton kwenye kibanda umiza utaulizwa kama bado wako Ligi Kuu. Wako, na tangu 1954 wamekuwa daraja la juu bila kushuka. Ubingwa wanao mara tisa, ila wa mwisho ni wa 1987, kwa hiyo kwenye ubishi wa makombe siingii. Ninachotaka kukisema ni habari ya uwanja.

Mei 2025, siku chache kabla ya wanaume kucheza mechi yao ya mwisho Goodison Park, klabu ilitangaza kwamba uwanja ule hautabomolewa kama ilivyokuwa imepangwa. Utakuwa wa timu ya wanawake. Kwa maoni yangu, miaka hii hakuna klabu ya England iliyofanya uamuzi bora kuliko huo, na nashangaa ulivyopita kimyakimya huku kwetu tunakojua hadi jezi mpya ya mazoezi ya kila timu. Arsenal walipohama Highbury mwaka 2006, palijengwa fleti. West Ham walipoondoka Upton Park mwaka 2016, yakaingia matingatinga.

Goodison yenyewe ilizaliwa kwa ugomvi wa kodi ya pango. Everton ilianza mwaka 1878 ikiwa timu ya kanisa la Kimethodisti la St Domingo, mwaka uliofuata ikachukua jina la mtaa, na baadaye ikawa inacheza Anfield. Ndiyo, Anfield hiihii ya Liverpool ya leo, na ubingwa wa kwanza wa 1891 waliubeba wakiwa pale. John Houlding, tajiri wa bia aliyekuwa na sauti kubwa klabuni, akapandisha kodi hadi pauni 250 kwa mwaka. Wenzake wakakataa. Mwaka 1892 wakafunga virago, wakavuka bustani ya Stanley Park na kujenga kwao. Houlding akabaki na uwanja usio na timu, akaunda Liverpool. Shabiki wa Liverpool akinianza, huwa namkumbusha nani alitangulia kukilala kitanda kile.

Miaka 133 kwenye uwanja mmoja inaacha mambo. Pembeni, kati ya jukwaa la Gwladys Street na lile la Goodison Road, kanisa la St Luke's limejibana kama abiria wa mwisho kwenye daladala. Timu ikiingia uwanjani kinapigwa king'ora, kisha muziki wa Z-Cars, tamthilia ya zamani ya polisi kwenye televisheni. Dixie Dean, aliyefunga mabao 60 ya ligi msimu wa 1927-28, alifia humo humo mwaka 1980 akitazama dabi. Na kuna majivu: familia zaidi ya 800 zilizika majivu ya wapendwa wao kuzunguka nyasi zile, mpaka klabu ikasimamisha kwa sababu nafasi iliisha. Sasa hebu fikiria ungeanzaje kupitisha tingatinga hapo.

Halafu yupo Toffee Lady, dada anayevaa mavazi ya kizamani na kuzunguka uwanja kabla ya mechi akiwarushia mashabiki pipi za mnanaa zenye mistari myeusi na myeupe. Ni desturi tamu na siipingi. Lakini itazame vizuri: kwa miongo mingi, mwanamke aliyeonekana zaidi kwenye nyasi za Goodison siku ya mechi alikuwa mrusha pipi.

Haikupaswa kuwa hivyo. Desemba 26, 1920, Dick, Kerr Ladies, timu ya wafanyakazi wa kiwanda mjini Preston, ilicheza na St Helens Ladies hapohapo Goodison. Walioingia walikuwa kama 53,000, na maelfu wengine walibaki nje, hakuna pa kukaa wala kusimama. Dick, Kerr walishinda 4-0, na mapato yalikwenda kwenye hisani. Haujaisha mwaka, Desemba 1921, chama cha soka cha England, FA, kikaziamuru klabu zisiwape wanawake viwanja vyao, kikidai mchezo huu hauwafai. Marufuku hiyo ilidumu karibu nusu karne. Timu iliyojaza Goodison ikabaki kutafuta viwanja vya pembeni vya kuchezea.

Ndiyo maana simwelewi mtu anayesema wanawake wa Everton wamepewa mtumba. Hoja yake naiona: wanaume wamekwenda kwenye uwanja mpya wa watu zaidi ya 52,000 kando ya mto, pale Bramley-Moore Dock, na wakafungua ligi kwa kuwafunga Brighton 2-0 tarehe 24 Agosti 2025, siku na mwezi uleule Goodison ilipofunguliwa mwaka 1892. Lakini wanawake walikuwa wanacheza Walton Hall Park, uwanja wa watu elfu mbili na kidogo. Na mtumba ni kitu ambacho hakikuwa chako. Hawa wamerudishiwa walichonyang'anywa.

Kazi iliyobaki ni ya fedha. Uwanja mkongwe unakula hela, na majukwaa yale ya zamani hayajitunzi yenyewe. Wamiliki wapya, Friedkin Group, wakianza kubana matumizi baada ya misimu miwili na kusema watazamaji ni wachache, nitakuwa wa kwanza kuwalaumu. Uwape watu tiketi za bei nafuu na saa nzuri za mechi, kisha ndipo uhesabu vichwa.

Mechi ya kwanza ya ligi kwenye nyumba yao mpya, Septemba 2025, wanawake wa Everton walifungwa 2-0 na Tottenham, na wakosoaji wakapata la kusema. Wanaume wenyewe walipoanza ligi Goodison mwaka 1892 hawakushinda. Walitoka sare ya 2-2 na Nottingham Forest.