Nepi, ada na nadhiri

Kwenye duka la hisani la vifaa vya watoto linaloendeshwa na chama cha kidada huko Marekani, kitanda cha mtoto chenye ubavu wa kuteremka hakipokelewi, hata kikiletwa kimefungwa utepe. Marekani ilivipiga marufuku Juni 2011, baada ya mbavu zake kufyatuka na kuwabana watoto wachanga. Mito ya kuzungushia kingo za ndani nayo imekatazwa kwa sheria ya 2022. Kiti cha mtoto cha gari kinapinduliwa kwanza, kisomwe kibandiko chake. Kama muda wake umepita, au kama aliyekileta hajui iwapo kiliwahi kuwamo kwenye ajali mbaya, kinakatwa mikanda ndipo kitupwe. Kikitupwa kizima kuna mtu atakiokota.

Wanaoyajua haya bila kufungua kitabu si wauguzi peke yao. Katika miji mingi ya Marekani ni walimu wastaafu, wahasibu na mawakili wa tawi la Zeta Phi Beta, chama cha kidada cha wanawake weusi, wenye fulana za bluu na nyeupe, wanaopanga rafu Jumamosi asubuhi. Mpango wao unaitwa Stork's Nest, yaani kiota cha korongo, kwa sababu Wazungu huwaambia watoto kwamba vichanga huletwa na korongo. Kiota cha kwanza kilikuwa Atlanta, na ubia wa Zeta na March of Dimes, shirika la afya ya mama na mtoto, ni wa tangu 1972.

Zeta ni mojawapo ya sororiti nne za wanawake weusi, vyama vya kidada vinavyojiita kwa herufi za Kigiriki. Alpha Kappa Alpha ilianza 1908, Delta Sigma Theta 1913 na Zeta 1920, zote Chuo Kikuu cha Howard. Sigma Gamma Rho ilianza 1922 huko Indianapolis. Wasomaji wengi wa Kiswahili walizisikia kwa mara ya kwanza 2024, Kamala Harris alipogombea urais, maana ni mwanachama wa Alpha Kappa Alpha tangu alipokuwa Howard. Maswali yakaja mfululizo. Hawa ni akina nani? Kwa nini rangi za waridi na kijani, kwa nini kelele zile za kuitana? Kuna kiapo? Na lile la kwetu ambalo halikosekani: si freemason hawa?

Swali lenye uzito zaidi ni jingine, na huulizwa hata na Wamarekani weusi wenyewe. Kama nia ni kuhudumia jamii, udada wa nini? Kwa nini mtu alipe ada, achujwe, ale nadhiri ya siri, avae rangi, ndipo agawe nepi? Si angeenda tu kanisani au kituo cha afya akajitolea?

Hoja hiyo si ya kubeza. Sororiti huchagua, na kuchagua maana yake ni kukataa. Anayetaka kuingia anahitaji alama nzuri za chuo, fedha za ada na watu wa kumdhamini. Mwanamke ambaye Stork's Nest inamhudumia mara nyingi hana hata kimoja kati ya hivyo, kwa hiyo wanaotoa na wanaopokea hawakai benchi moja. Tena kuna huduma za picha, nazo ni nyingi. Wanachama ishirini wanasimama nyuma ya maboksi sita ya chakula, picha inapigwa, ripoti ya mwaka inajazwa "saa 60 za huduma", na boksi la saba halionekani hadi mwaka unaofuata. Tawi linalohesabu saa za wanachama wake badala ya kuhesabu waliohudumiwa limeshapotea njia. Na yako mengi.

Hata hivyo, tazama Stork's Nest inavyofanya kazi hasa, maana hapo ndipo wakosoaji wengi hawafiki.

Mjamzito hapewi vitu, anavichuma. Akihudhuria kliniki anapata pointi. Akija darasani anapata nyingine. Darasani anafundishwa dalili za hatari, kunyonyesha, na kumlaza mtoto chali kwenye godoro gumu lisilo na mto. Pointi hizo ndizo fedha zake dukani, na ni duka kweli, lenye rafu. Nguo za mtoto ni pointi chache, kiti cha gari ni pointi nyingi, na mpangilio huo una makusudi: kitu kikubwa hakinunuliki kwa ziara moja. Majimbo yote yanalazimisha mtoto mchanga asafirishwe kwenye kiti chake, kwa hiyo kile kiti ndicho kinachomrudisha mama darasani, na darasa ndilo linalomrudisha kliniki.

Nepi ndiyo dhahabu ya duka. Msaada wa chakula wa serikali haununui nepi, wala ule mpango wa lishe ya wajawazito na watoto unaoitwa WIC. Mtoto mchanga anatumia nane hadi kumi na mbili kwa siku, yaani mwezi wa kwanza peke yake unakula kama mia tatu. Na hapa ndipo watu wema huharibu. Wafadhili wanapenda saizi ndogo kabisa kwa sababu inapendeza machoni, na mtoto anaiacha ndani ya wiki chache. Rafu inajaa pakiti za vichanga huku mama wa mtoto wa miezi mitano akiondoka mikono mitupu. Tawi lililoshika kazi halitangazi "tunaomba nepi". Linatangaza saizi, au linaomba fedha likanunue lenyewe.

Darasa nalo lina mitego yake. Likiwekwa saa kumi na moja jioni, mama anayetoka kazini saa kumi na mbili hayupo. Likikosa chakula, anayekuja na njaa hatasikia neno. Likikosa mtu wa kushika watoto wakubwa, mwenye watoto wawili hatarudi mara ya pili. Usafiri ndio mgumu zaidi, kwa sababu mwanachama akimbeba mjamzito kwenye gari lake binafsi, ajali moja inafungua suala la bima na dhima ya tawi zima. Kwa hiyo njia salama ni kununua tiketi za basi, na kuweka darasa mahali basi linapopita.

Sasa jiulize ni nani atakayefanya hivyo mwaka wa kwanza, wa tano, wa kumi na tisa. Mtu wa kujitolea asiyefungwa na kitu anakuja akiwa na moyo, na akichoka haji, na hakuna wa kumdai. Mwanachama anadaiwa. Kuna katibu anayesoma majina, kuna kamati inayotoa ripoti, kuna dada aliyeingia naye siku moja anayempigia simu Ijumaa usiku kumuuliza kesho unakuja au huji. Mwanamke yeyote aliyewahi kuwa kwenye kikundi cha kufa na kuzikana hahitaji kufafanuliwa hili. Watu huenda msiba wa mtu wasiyemjua vizuri kwa sababu ya aliyeketi naye kikundini. Huo ufungwa ndio injini. Sare, nyimbo na chai za mchana ni mafuta yake, na gari haliendi bila mafuta, ingawa sikatai kwamba kuna matawi yanayoyanywa mafuta yenyewe.

Jambo jingine ambalo hata Wamarekani weupe hawalielewi: kwa sororiti za weusi, uanachama hauishi chuoni. Tawi la wanafunzi ni dogo na wanachama wake wanapita. Kazi nzito iko kwenye matawi ya wahitimu, yenye wanawake wa miaka 35, 50 na 70. Hao wana funguo za kanisa, wanamjua mkuu wa shule, wanajua fomu ya kliniki inasainiwa na nani. Ujuzi wa aina hiyo hauandikwi popote. Unapokezanwa, na wa kuupokezana ni watu waliokaa pamoja muda mrefu.

Historia inawaunga mkono. Kiangazi cha 1935 Alpha Kappa Alpha walikwenda Mississippi kufungua kliniki kwa ajili ya wakulima weusi wa mashamba ya pamba, wakiongozwa na daktari Dorothy Boulding Ferebee. Wenye mashamba waliogopa wageni weusi wenye elimu, hawakuwaruhusu wafanyakazi wao kwenda kliniki. Madada wakageuza mpango: wakapakia dawa na sindano kwenye magari yao wenyewe wakazifuata familia mashambani, kuchanja watoto dhidi ya ndui na dondakoo. Walirudi kila kiangazi hadi 1942, vita vilipoleta mgao wa petroli na matairi. Miaka saba, bila mshahara. Watu waliokusanyika kwa tangazo la gazetini wangerudi nyumbani wiki ya kwanza. Na mkono wao umefika hata kwetu, maana Delta wamewahi kuisaidia hospitali ya misheni ya Mary Help of the Sick huko Thika.

Halafu kuna takwimu inayowauma. Mwaka 2022, kati ya kila vizazi hai 100,000, wanawake weusi 49.5 walikufa kwa sababu za uzazi, na weupe 19.0. Mwaka uliofuata weupe walishuka hadi 14.5. Weusi? 50.3. Wakosoaji wanaishika namba hiyo kama rungu: miaka hamsini ya viota, na mwanamke mweusi bado anakufa zaidi ya mara tatu.

Ukiitazama kwa utulivu, namba hiyo inashtaki mtu mwingine. Vifo hivyo vingi vinatokana na moyo na shinikizo la damu, kuvuja damu na kuganda kwa damu, na sehemu kubwa hutokea baada ya mtoto kuzaliwa, mama akiwa amesharudi nyumbani. Hapo anayehitajika ni daktari anayemsikiliza mgonjwa anapolalamika, bima isiyokatika, na wodi ya uzazi iliyo karibu. Tawi lenye wanachama arobaini haliajiri daktari. Kulipima kwa vifo vya taifa ni kumpima mzibua mfereji kwa mafuriko ya mto. Lakini namba inalidai tawi jambo moja la haki: kama hatari kubwa iko wiki za baada ya kujifungua, kwa nini pointi nyingi zitolewe kabla? Kiota kinachofunga hesabu siku mama anapochukua kiti cha gari kinamwacha mlangoni pa hatari. Pointi za kliniki ya baada ya kujifungua, na kipimo cha shinikizo la damu kama zawadi badala ya blanketi la nne, zingekuwa jibu la wanawake wanaosoma takwimu zao.

Fedha nazo zinasemwa sana na kueleweka kidogo. Kwa sheria ya kodi ya Marekani, sororiti nyingi husajiliwa kama vilabu vya kijamii chini ya kifungu cha 501(c)(7), na anayevichangia hapati nafuu ya kodi. Ndiyo maana matawi makubwa huunda mfuko wa hisani wa pembeni chini ya 501(c)(3). Ada ya wanachama inaingia akaunti moja, mchango wa umma nyingine, na mwekahazina anayelipia ukumbi wa sherehe kwa fedha ya nepi ameliingiza tawi matatani, hata kama alikusudia kurudisha Jumatatu. Linaloangusha mifuko midogo, hata hivyo, mara nyingi ni usahaulifu tu. Mfuko wenye mapato ya kawaida yasiyozidi dola 50,000 kwa mwaka unatakiwa kujaza taarifa fupi mtandaoni, kazi ya dakika chache. Mwekahazina anabadilishwa, nywila inapotea, miaka mitatu inapita bila taarifa, na msamaha wa kodi unafutika wenyewe.

Nadhiri sitaibishia. Wako Wakristo weusi wanaojitoa hadharani miaka hii, wakisema hawawezi kuapa kwa siri katika chama chenye Minerva, mungu wa kike wa Warumi, miongoni mwa alama zake, kama walivyo Delta. Hilo ni suala la dhamiri, na anayeliona hivyo anafanya vyema kutoingia. Ila kuita freemason kila chenye nembo na mlango uliofungwa ni uvivu wa kuuliza.

Penye kidonda cha kweli ni kwenye kuingizwa. Februari 1990 vyama vyote vikuu vya herufi vya weusi vilikubaliana kufuta kipindi kirefu cha kuwasotesha wanaoomba kujiunga, vikaweka utaratibu mfupi wa maombi, usaili na mafunzo. Uonevu haukufa, ulikwenda chini ya ardhi. Aliyeingia kwa njia halali akaitwa wa makaratasi, na ili asiitwe hivyo, binti anakubali kupigwa, kunyimwa usingizi, kufanyishwa mazoezi usiku. Hapa utetezi wangu wote wa udada unageuka dhidi yangu, kwa sababu ule ufungwa unaomtoa mtu kitandani Jumamosi kwenda kupanga nepi ndio huohuo unaomfunga mdomo dada aliyeona mwenzake akiumizwa. Sheria ya shirikisho iliyosainiwa Desemba 2024 inavitaka vyuo vichapishe ripoti za vikundi vilivyokutwa na uonevu, na kuzihuisha walau mara mbili kwa mwaka. Ni mwanzo. Lakini chuo hakioni kinachofanyika saa nane usiku kwenye nyumba ya kupanga. Wanaoweza kuona ni wahitimu wa mji uleule, ambao kila tawi la wanafunzi lina mshauri kutoka kwao.

Binti wa Kiswahili aliyeko Minneapolis au Houston anayefikiria kujiunga ana vipimo rahisi. Ada halali ina risiti na inaingia kwenye akaunti ya chama. Ratiba halali ina tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na mshauri mhitimu anaijua. Akiambiwa alete fedha mkononi, aache simu mlangoni, asimwambie mshauri, aondoke usiku huohuo na ampigie mshauri kabla hajafika nyumbani.