Waliorudi mwaloni ni wakaidi?

Mei 2024 redio zote zilikuwa na kimbunga Hidaya kule Mafia na Pwani. Kilikuja, kikapiga, kikafifia. Mwezi huohuo huku kwetu Mwanza, Ziwa Victoria lilikuwa limevunja rekodi yake ya 2020, mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, Uganda, ambayo nayo iliipita ile ya 1964 kwa sentimita moja tu. Hapakuwa na upepo wa kupewa jina. Maji yalipanda taratibu, yakaingia jikoni, yakakaa.

Hapo kwenye kukaa ndipo mjadala wetu unapoteleza. Wanaobishana kama familia zilizofukuzwa na maji mialoni, yaani kwenye fukwe za kupokelea mitumbwi ya uvuvi, zirudi au zisirudi, na wanaoziita kaidi zilizorudi, huongea kana kwamba ni mafuriko ya Mto Mirongo unaopita mjini, yanayokuja usiku na kesho yake unasukuma tope kwa fagio. Ziwa halina haraka hiyo. Maji yake mengi ni mvua inayolinyeshea lenyewe. Mlango wa kutokea ni mmoja, Mto Nile pale Jinja, na yanayobaki huondolewa na jua. Lilipopanda zaidi ya mita mbili miaka ya mwanzo ya 1960, halikurudi mahali pake mwaka uliofuata, wala uliofuata huo. Kwa hiyo mama anayeambiwa "subiri maji yapungue" anaambiwa asubiri misimu, si wiki, huku mwenye nyumba aliyempangisha chumba anadai kodi kila mwezi.

Wanaokataza wana hoja. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, na choo cha shimo kilichozama ni kipindupindu kinachosubiri zamu. Hilo halina ubishi. (Ingawa, ukipita ufukweni, utaona kuta za majengo ya fahari ambazo hazionekani kupimwa kwa futi ileile.)

Ila neno "ukaidi" silikubali. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, na mitumbwi inarudi alfajiri. Mwanamke anayenunua ili aanike lazima awepo mtumbwi unapogusa mchanga. Akichelewa, wenzake wameshagawana. Jua likichomoza anaanika, anageuza, anafukuza ndege. Wingu likitanda anakimbia kuanua, maana dagaa wakinyeshewa thamani yao yote imekwenda, wananunuliwa kwa bei ya chakula cha kuku. Sasa mpe kiwanja Buswelu, mbali na ufuko. Saa kumi usiku atapanda bodaboda ya nani, kwa nauli ipi, na mvua ya saa nane mchana ataianulia kutoka huko? Amepiga hesabu yake, na anayeyaogopa maji kuliko sisi ni yeye, aliyewahi kutoa godoro lililolowa.

Kwa hiyo swali la mita 60 tunaliuliza kinyume. Tunauliza mtu alale wapi, wakati kinachomrudisha ni mzigo wa dagaa. Mwalo ukiwa na vichanja vilivyoinuliwa, banda la kuezekwa la kukimbizia dagaa mvua ikija, mlinzi wa usiku na choo kilichojengwa juu ya tangi badala ya shimo, wengi wangeanza wenyewe kutafuta vyumba mlimani. Mialo mingi niliyokanyaga, banda la mwenye dagaa ni chumba chake cha kulala.