Karani wa Brownhelm Asirukwe

Juzi nilisoma wasifu mfupi wa John Mercer Langston, wakili Mweusi wa Marekani wa karne ya 19, uliomtoa chuoni Oberlin na kumfikisha moja kwa moja katika Bunge la Marekani, huku uwakili wake na ukarani wake wa kata vikimalizwa kwa sentensi moja. Niliudhika, kwa sababu naamini kuwa uzito wa maisha yake uko hapohapo paliporukwa.

Langston alizaliwa Virginia mwaka 1829, baba yake akiwa Mzungu mwenye mashamba, na mama yake mwanamke aliyekuwa mtumwa kabla ya kuachwa huru. Alipotaka kusomea sheria alikataliwa kwa sababu ya rangi yake. Mkuu wa shule moja katika jimbo la New York alimdokezea kwamba angeweza kupokewa iwapo angejifanya Mfaransa au Mhispania, naye akakataa katakata. Akajifunza sheria kwa Philemon Bliss huko Elyria, Ohio, na mwaka 1854 akaapishwa kuwa wakili. Hata hapo alipitishwa kwa kipimo cha aibu, maana mahakama za Ohio zilimhesabu mtu mwenye damu ya Kizungu zaidi ya nusu kuwa Mzungu. Yule aliyekataa kuikana asili yake alipewa haki yake kwa kupimiwa damu, jambo ambalo kila nikilifikiria linaniumiza.

Mwaka 1855 wapiga kura Wazungu wa Brownhelm, kata ya Ohio alikokuwa na shamba, walimchagua kuwa karani wa kata. Cheo hicho kilikuwa kidogo, nakubali, lakini mwenye kuandika maamuzi ya kata na kutunza kumbukumbu zake ni mtu aliyeaminiwa na majirani wanaomjua kwa sura na kwa mwenendo. Miaka 2 baadaye Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Dred Scott, ilitamka kwamba Mweusi hawezi kuwa raia wa nchi hiyo. Wakati huo Langston alikwisha kuhamia Oberlin, ambako alihudumu katika baraza la mji na bodi ya elimu.

Ubunge wenyewe siudharau. Aligombea Virginia mwaka 1888, akapigania ushindi wake hadi Septemba 1890, kisha akakalia kiti chake kwa takribani miezi 5 tu. Daftari la Brownhelm alikabidhiwa miaka 35 kabla ya hapo, wakati mamilioni ya Weusi wa nchi yake walikuwa bado wakiuzwa na kununuliwa.