Si Kila Mnyama wa Shamba ni Rafiki wa Mbwa Mdogo

Hadithi za mbwa mdogo anayeishi shambani zina mtindo mmoja. Anaamka alfajiri, anamsalimia ng'ombe, anacheza na wanambuzi, anaongozana na vifaranga wa bata mpaka majini, na jioni analala ubavuni mwa paka. Wote wanampenda tangu siku ya kwanza. Watoto wanazifurahia hadithi hizo, nami sina ugomvi na wanyama wanaosema, acha waseme. Ninachokikataa ni ule urafiki wa bure. Nimefuga mbwa wadogo shambani kwa miaka mingi, na huyu wa sasa, Njugu, ndiye mdogo kuliko wote waliomtangulia, hafiki hata goti la mtu mzima. Ninachokiona kwake kila siku ni kigumu zaidi ya hadithi, na kwa maoni yangu kinapendeza zaidi: mnyama wa kuwinda anaishi katikati ya wanyama wa kuwindwa, na jua linapotua wote ni wazima.

Tusisahau mbwa ni nani. Binadamu aliishi naye kabla hajawa na zizi. Kule Bonn-Oberkassel, Ujerumani, kulifukuliwa kaburi ambamo mbwa alizikwa pamoja na watu, na umri wake ni miaka 14,000 hivi. Mbuzi na kondoo walianza kufugwa kama miaka 10,000 iliyopita. Maana yake mbwa alitukuta tukiwa wawindaji, akawinda pamoja nasi kwa maelfu ya miaka, ndipo siku moja tukaleta kondoo nyumbani na kumwambia: hawa usiwaguse. Ni ombi zito. Kuku akikurupuka mbele ya mbwa na mbwa akabaki ameketi, hapo pana kazi iliyofanyika, nyingine ya vizazi na vizazi, nyingine ya mwenye shamba mwenyewe.

Na hapa ndipo watu wengi wanapokosea hesabu. Humwogopa mbwa mkubwa kwa ajili ya kuku wao, lakini mdogo wanamwachia uwanja wote azurure. Mawindo ya mbwa yana hatua zake: anatega masikio, anakazia macho, ananyatia, anakimbiza, anakamata, anaua. Wafugaji wa zamani waliuchezea mfuatano huo kwa kuchagua nani azae na nani asizae. Border collie, mbwa mchungaji, amebakiziwa kukazia macho, kunyatia na kukimbiza, kisha meno yakatulizwa. Wale mbwa wakubwa wanaolala katikati ya kundi la kondoo na kulilinda walichaguliwa hadi hamu ya kukimbiza ikawa karibu imelala. Lakini mbwa wengi wadogo wa jamii ya teria waliachiwa hatua zote, tena zikanolewa, kwa sababu kazi yao ilikuwa kuingia shimoni na kumaliza kilichomo. Kwa hiyo kati ya mbwa mkubwa mlinzi na teria mdogo mwenye sura ya kitoto, wa kufungiwa mlango wa banda la kuku ni huyo mdogo.

Njugu ana damu hiyo. Nikimwambia mtu kwamba mbwa huyu anapita katikati ya kuku wanaochakura bila kugeuza shingo, hudhani nina mbwa mpole. Hapana. Nina mbwa aliyeletwa kwa kuku mapema.

Watafiti John Paul Scott na John Fuller, katika kazi waliyoichapisha mwaka 1965, walionyesha kwamba mtoto wa mbwa ana kipindi maalumu, kuanzia wiki ya 3 hadi ya 12 hivi, ambamo anaamua nani ni mwenzake na nani ni mgeni. Anachokutana nacho kwa utulivu wakati huo hakimshtui tena ukubwani. Dirisha hilo likifungwa bado anaweza kufundishwa, ila ni kwa jasho. Mradi wa mbwa walinzi wa Cheetah Conservation Fund, shirika la kuhifadhi duma nchini Namibia, ulioanza mwaka 1994, umejengwa juu ya ukweli huohuo: watoto wa mbwa wanapelekwa wakae na mbuzi na kondoo wakiwa bado wadogo, wakue wakijua kwamba kundi ndilo jamii yao. Mbwa akilinda vizuri, mfugaji hapotezi mifugo, na duma hapigwi risasi. Mnyama mdogo aliyelala na mbuzi utotoni anaokoa maisha ya mnyama asiyemjua kabisa. Hiyo ndiyo hadithi ya urafiki ningependa watoto wasimuliwe.

Mzunguko wa Njugu unaanza kabla sijafungua mabanda. Pua chini, mkia juu, anafuata ukuta wa zizi, anakata kwenye lundo la samadi, anasimama kwenye nguzo ileile, kisha anarudi kwa njia nyingine. Mtu akimtazama ataona mbwa asiye na kazi. Lakini pua ya mbwa inaweza kuwa na chembe za kunusia zipatazo milioni 300, hali yetu sisi ni kama milioni 6. Juu ya kaakaa lake pana kiungo kingine kidogo cha kupokea habari za mwili wa mnyama mwenzake, kwa mfano kama jike yuko tayari kupandwa. Akimaliza kuzunguka anajua nani alipita usiku, alipita lini, na alielekea wapi. (Macho yake, kwa upande mwingine, hayatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Mpira mwekundu ukidondoka kwenye nyasi anautafuta kwa pua. Anayetaka kumnunulia mbwa mpira wa kuchezea kwenye nyasi na achague wa bluu, kwa kuwa bluu na njano anaziona sawasawa.)

Wa kwanza kuonana naye huwa ni kuku. Kuku wana serikali yao. Mnorwe Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyewatazama tangu utoto wake, aliandika miaka ya 1920 kwamba kila kundi lina ngazi: huyu anamdonoa yule, yule anamdonoa mwingine, na wa chini kabisa anadonolewa na wote. Njugu hayumo katika ngazi hiyo, lakini nina hakika anaifahamu. Akiwakuta tetea wanyonge pembeni anapita katikati yao. Akimkuta mama kuku mwenye vifaranga anazunguka mbali. Mama kuku akishavimbisha manyoya na kushusha mabawa hajali kama anayemkabili ni mbwa, mtu au toroli, na Njugu alikwisha kudonolewa puani akiwa mdogo. Kudonolewa huko kulimfundisha kuliko makaripio yangu yote.

Bata bukini ni habari nyingine. Mara kwa mara mtu ananionyesha video ya vifaranga wa bukini wakimfuata mbwa mdogo kwa mstari, na chini yake maneno matamu kuhusu upendo usiojali tofauti. Kinachotokea pale kilielezwa na Konrad Lorenz, mshindi mwenza wa tuzo ya Nobel ya mwaka 1973: kifaranga wa bukini, katika saa chache baada ya kuanguliwa, hushikamana na kitu kikubwa cha kwanza anachokiona kikitembea. Kwa kawaida ni mama yake. Akiwa mtu, atamfuata mtu, na akiwa mbwa atamfuata mbwa. Kwa hiyo kifaranga hakumchagua yule mbwa wa kwenye video. Ninachokitazama mimi ni mbwa. Midomo midogo inamgusa miguuni, kila hatua kinafurukuta kitu cha kumezeka, naye anaendelea na safari yake. Kama kuna wa kusifiwa hapo, ni yeye. Na mwenye video asimwache peke yake na hao vifaranga, hata kama amemwamini vipi.

Kwa ng'ombe, udogo unabadilika kuwa faida. Corgi, mbwa mwenye miguu mifupi sana, alifugwa kwa kazi ya kuswaga ng'ombe: anauma kisigino, ng'ombe anarusha teke, teke linapita juu ya kichwa chake. Njugu si corgi na sipendi aume visigino, lakini amejifunza jiometri yake mwenyewe. Ng'ombe ana macho ubavuni mwa kichwa, kwa hiyo anaona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake kabisa. Pia ana umbali wake wa usalama. Ukiuvuka anaondoka, ukitoka anatulia. Temple Grandin, mtaalamu wa mienendo ya mifugo, amewafundisha wafanyakazi wa mashambani kuutumia umbali huo na bega la mnyama: ukisimama nyuma ya bega anasonga mbele, ukisimama mbele ya bega anarudi. Njugu hajafundishwa na mtu, ila asubuhi ng'ombe wanapotoka utamwona anasimama penyewe kabisa, kando kidogo na nyuma ya bega, na yule wa mwisho anatoka langoni bila kelele. Hapo hujivuna mno. Anarudi kwangu akitembea kama mwenye hatimiliki ya shamba.

Ng'ombe aliyezaa karibuni ni mwiko. Hata yule mpole wa kukamuliwa na watoto anageuka akimwona mbwa karibu na ndama, na anayepita na mbwa wake malishoni lazima alijue hili. Ng'ombe akija kwa kasi, mwachie mbwa kamba. Anamtaka mbwa, na mbwa anakimbia kukuzidi. Ukimkumbatia ili umwokoe, mtakanyagwa wote wawili.

Wanambuzi ndio ninaoweza kuwaita marafiki zake bila kusitasita. Mwanzoni hawakuelewana hata kidogo. Mbwa anayetaka mchezo huinamisha kifua chini na kuacha makalio juu. Mtafiti wa mienendo ya wanyama Marc Bekoff aliichunguza ishara hii kwa miaka na kuona kwamba mbwa huitumia kuwahakikishia wenzake kuwa kinachofuata, hata kikiwa ni kung'ata, ni mzaha. Mwanambuzi naye anayetaka mchezo hunyanyuka kwa miguu ya nyuma na kushuka kwa kichwa. Kwa mbwa, mnyama anayenyanyuka na kumshukia ni wa kukimbiwa. Kwa mbuzi, mnyama anayejibana chini huku amemkodolea macho ananyatia. Kwa wiki kadhaa kila mmoja alikuwa anamwalika mwenzake na kumtisha kwa wakati mmoja. Kisha Njugu akaacha kumkodolea. Akawa anainama akiwa amegeuza uso pembeni. Sasa hukimbizana kuzunguka tangi la maji, na zamu zinabadilishana: mbuzi anamkimbiza mbwa, halafu mbwa anamkimbiza mbuzi. Mbuzi akiwa hataki, anapanda juu ya kitu na mchezo umekwisha. Huo ndio uthibitisho wangu wa urafiki: mnyonge anaweza kusema basi, na mwenye meno akasikia.

Wapo watakaosema nawapa wanyama hisia za watu. Sawa. Lakini lango liko wazi, malisho ni mapana, na mwanambuzi huyo anakwenda mwenyewe kumtafuta mbwa aliyelala kivulini. Nisipouita urafiki, sijui niuite nini.

Kuna upande ambao hadithi haziugusi kwa sababu hauna utamu, nami nitaupitia upesi. Mbwa wa shamba achanjwe kichaa cha mbwa, kwa kuwa vifo vya watu kwa ugonjwa huo, karibu vyote, vinatokana na kuumwa na mbwa. Asipewe matumbo wala mapafu mabichi ya mnyama aliyechinjwa. Humo hukaa vifuko vya minyoo tegu wachanga ambao mayai yao, yakitoka kwa mbwa, huwapa watu malengelenge ya maji kwenye ini na mapafu. Asijisaidie kwenye lishe ya ng'ombe wala asile kondo la nyuma, maana kimelea kiitwacho Neospora caninum hupita kwa njia hiyo na kuwaharibia ng'ombe mimba. Na sumu ya panya humuua mbwa pia, hata kwa kula panya aliyekwisha kuila. Ukiwa na mbwa mwenye damu ya teria ghalani, sumu ya nini?

Paka hana mengi ya kusimuliwa. Mkia unaochezacheza kwa mbwa ni ukaribisho, kwa paka ni onyo; Njugu alilielewa hilo baada ya makucha. Wanagawana ghala, paka juu ya magunia na mbwa chini ya sakafu ya mbao, na panya akidondoka katikati wanagombana kidogo. Sifa zote hupewa paka.

Amebaki punda. Kila mgeni akishaona mbuzi na mbwa wakicheza huuliza ni lini nitawazoesha punda na Njugu nao wapatane. Punda wengi wana uadui wa asili na jamii ya mbwa, na akimwona mmoja karibu na kundi huinamisha masikio, akamwendea kwa meno na kwato. Njugu anajua uzio wa punda unaanzia wapi na hapiti chini yake, ingawa kwa kimo chake angeweza bila hata kuinama. Nawajibu wageni kwamba sina mpango huo. Kondoo wangu hulala upande ule wa punda, na mbwa wanaozurura usiku hupita mbali na uzio huo.