Fedha za Ziada Shuleni Mombasa: Orodha ya Wahitaji au Sufuria ya Wote?

Shule ya msingi ya umma Mombasa inapopata fedha nje ya mgao wa kawaida, ziwe za hazina ya eneobunge, za mfadhili au za wazazi wenye uwezo, bodi hugawanyika mara moja. Kuna wanaotaka watoto wahitaji waandikwe majina, kisha fedha ziwaendee wao moja kwa moja: sare, viatu, sodo, chakula cha mchana. Wengine wanataka ziingie shule nzima, yaani jikoni, maktaba na mshahara wa mwalimu mmoja zaidi.

Mzozo huu una mizizi katika uchache wa mgao wenyewe. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza mwaka 2003, serikali ilitoa shilingi 1,020 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Siku hizi kiwango ni shilingi 1,420. Gawanya kwa siku 190 hivi za masomo, upate shilingi saba na senti kwa siku. Katika uwanja huo huo wa shule, mwanafunzi wa sekondari msingi, darasa la saba hadi la tisa, ametengewa shilingi 15,042. Mtoto wa darasa la kwanza, ambaye ndiye anayejifunza kusoma, ndiye aliyewekewa kidogo zaidi. Na mgao wa msingi ni sawa kwa wote: mtoto wa Nyali ambaye mzazi ni karani wa bandarini na mtoto wa kijiji cha Bangladesh kule Jomvu ambaye mama anakaanga viazi karai, wote ni 1,420.

Kwa hiyo wanaotaka orodha wana hoja, na wala si ndogo. Kumpa sawa asiye sawa na mwenziwe ni kumwacha alipo. Fedha za wote nazo zina tabia ya kupotelea kwenye vitu vinavyoonekana: lango jipya, rangi ya ukutani, hema la siku ya wazazi. Jina likiandikwa, mzazi anaweza kuuliza kama yule mtoto alipata viatu au hakupata. Bodi hulazimika kujibu, na katika shule zetu swali la namna hiyo ni nadra.

Lakini ni nani anayeiandika orodha? Mara nyingi ni mwalimu mkuu akisaidiwa na mzee wa mtaa, na pale siasa za wadi zinapoingia, anayejulikana hutangulia. Halafu Mwambao una desturi ya kusitiri shida. Bibi anayelea wajukuu wanne Majengo hatainua mkono barazani kusema kwamba jana hawakula. Mtoto naye akiitwa mbele ya gwaride kupokea jozi ya viatu huku picha zikipigwa, amevalishwa viatu na kuvuliwa heshima kwa wakati mmoja. Nimesikia watu wakiiita hii hisia tu isiyo na uzito. Mimi naiona ni sababu ya kutosha ya mtoto wa miaka kumi na mbili kuichukia shule.

Zaidi ya hapo, umaskini wa Mombasa haukai mahali pamoja. Hoteli za ufuoni hupunguza wafanyakazi masika yanapoingia, na vibarua wa bandarini hupata kazi leo wakaikosa kesho. Mtoto aliyekuwa na mandazi mkobani Januari anaweza kufika Mei na tumbo tupu, ilhali orodha ilifungwa muhula wa kwanza. Wapo pia wasioweza kuandikwa kabisa. Mfumo wa taarifa za wanafunzi ulipoanza kudai namba ya cheti cha kuzaliwa, watoto wasio na cheti waliingia darasani bila fedha zao kuingia shuleni, na mara nyingi hao ndio wahitaji wa kwanza.

Uingereza waliligusa tatizo hili kwa njia inayofaa kutazamwa. Tangu 2011 shule za England hupewa nyongeza kwa kila mwanafunzi wa familia ya kipato cha chini. Mtoto aliyewahi kustahiki chakula cha bure wakati wowote ndani ya miaka sita iliyopita huhesabiwa, hata kama mwaka huu baba amepata kazi. La pili ndilo linalonivutia zaidi: majina hutumika kuhesabu fedha, lakini shule hailazimiki kuzitumia kwa watoto hao peke yao. Inaweza kuzielekeza kwenye ufundishaji ulio bora kwa darasa zima, mradi itangaze imezitumiaje na kwa nini. Najua England ina hazina ambayo sisi hatuna. Hata hivyo, kutenganisha hesabu na matumizi hakugharimu chochote.

Hata hivyo, mbinu ya shule nzima si salama yenyewe kwa yenyewe, na ushahidi uko hapa hapa Kenya. Watafiti walipogawa vitabu vya kiada katika shule za magharibi mwa nchi miaka ya tisini, alama zilipanda kwa wale waliokuwa wakifanya vizuri tangu awali. Walio nyuma hawakusogea, kwa sababu vitabu vilikuwa vya Kiingereza na wengi wao hawakuweza kuvisoma. Kitabu kiligawiwa kwa wote na kikamfikia mwenye nacho. Wanaodai kwamba cha wote humfikia kila mtu wanapaswa kukaa na tokeo hilo kwa muda.

Utafiti mwingine huko huko, wa mwaka 2005, ulizipa shule fedha za kuajiri kwa mkataba mwalimu mmoja wa ziada wa darasa la kwanza. Katika nusu ya shule hizo watoto waligawanywa kulingana na kiwango chao cha kuanzia, na vikundi vyote viwili, wenye nguvu na wanyonge, vilifanya vizuri kuliko pale walipochanganywa kwa kura. Walimu hao wa mkataba, wanaofanana na tunaowaita walimu wa BOM, yaani walioajiriwa na bodi ya shule, walileta matokeo mazuri kuliko walioajiriwa na serikali. Hapa fedha zilitumika kwa wote, lakini mpango ulimtazama aliye chini.

Kwa mtazamo wangu, shilingi ya kwanza ya ziada iende kwenye chakula cha mchana kwa kila mtoto. Kengele ya saa saba ndiyo inayotenganisha watoto: mmoja anakula, mwingine anazunguka uwanjani, mwingine anakwenda nyumbani na harudi, na baada ya shule bado kuna madrasa. Nairobi, kwenye mpango wa kaunti ulioanza 2023, mzazi huchangia shilingi tano kwa mlo, na sahani ni ile ile kwa kila mtoto. Sufuria moja ya pure, mahindi na maharagwe, haiulizi mtu kazi ya baba yake. Shilingi ya pili imlipe mwalimu wa kusoma wa darasa la kwanza hadi la tatu, badala ya masomo ya ziada ya darasa la mtihani, ambako bodi nyingi hukimbilia kwa sababu matokeo yake hutangazwa.

Orodha ibaki, lakini iwe ndogo na ya siri. Iwe mikononi mwa mwalimu mkuu na mwalimu wa kike anayeaminiwa na wasichana, ifunguliwe upya kila muhula, na ihusu sare, sodo na kusaidia familia kupata cheti cha kuzaliwa. Kinachostahili kubandikwa ubaoni, pale mzazi yeyote anapoweza kukisoma, ni matumizi: kiasi kilichoingia, kilichonunuliwa, na idadi ya watoto wa darasa la tatu wanaoweza kusoma ukurasa wa hadithi bila kusaidiwa.