Kamba Wangu Wamehesabiwa Vichwa

Juzi asubuhi nilikuta karatasi imebandikwa kwenye mlango wa choo, mahali ambapo katika nyumba yetu hapa Uyole, Mbeya, hutolewa matangazo yote mazito, ikiwataka wapangaji wote wahudhurie kikao cha jioni chenye ajenda moja tu: "Wale wadudu wa chumba cha tatu na suala la LUKU." Chumba cha tatu ni changu, na hao wanaoitwa wadudu ni kamba wa mapambo, viumbe wapole wa maji baridi wasiozidi urefu wa sentimita 3 au 4, ambao hawajawahi kumkopa mtu chumvi wala kufungulia redio usiku wa manane. Niliisoma karatasi ile kwa utulivu unaomstahili mtu mzima, nikavaa koti, nikaenda kazini.

Jioni tulikaa koridoni, kila mtu na blanketi lake, kwa kuwa Juni ya huku mnaijua. Mama mwenye nyumba alifungua kikao kwa sala, kisha akaniuliza kwa upole wa kutisha, "Mwanangu, hivi hao uduvi wako wanalala na umeme?" Nilisimama, nikamwamkia Mzee mstaafu aliyekuwa amechelewa kuingia, nikaeleza kwamba pampu ya hewa inayosukuma maji kupitia sponji katika matangi yote sita ina wati 5 tu, na kwamba kifaa cha wati 5 hulazimika kufanya kazi saa 200 mfululizo ndipo kimalize yuniti moja, ilhali ile hita ya kuchovya ndooni, ambayo kila aliyekuwapo pale huitumia alfajiri kuchemshia maji ya kuoga, ina wati zisizopungua 1,000 na yuniti hiyo hiyo huimaliza ndani ya saa moja. Kimya kilitanda. Nilidhani nimeshinda.

"Basi izime usiku," alisema dada wa saluni.

Nikamfafanulia kwamba ndani ya sponji wanaishi bakteria wanaoigeuza amonia ya kinyesi cha kamba kuwa nitriti, kisha wengine wakaigeuza nitriti kuwa nitrati isiyo na makali, na kwamba bakteria hao wakikosa hewa kwa muda mrefu hufa, na wakishakufa kamba nao hufuata. Dada yule aliwageukia wenzake. "Mmesikia? Kumbe humo ndani kuna na wengine."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu mchango wa LUKU katika nyumba yetu hulipwa kwa kichwa. Mzee alikohoa, akasema kwamba anayekula umeme ni mkaaji, na mkaaji ni kichwa. Kijana wa bodaboda, ambaye mchango wake wa mwezi uliopita hatujauona hadi leo, alikuwa ameshaperuzi kwenye simu yake, akatangaza kwamba jike moja hubeba mayai 20 hadi 30 chini ya tumbo kwa takriban mwezi mmoja, na kwamba watoto hutoka wakiwa kamba kamili, miguu na sharubu zote. Mwalimu wa chumba cha kwanza alitoa kalamu. Niliona kwa macho yangu mtu mwenye shahada akizidisha kamba kwa mayai, mayai kwa miezi, na kuandika jina langu juu ya jibu.

Mama mwenye nyumba alitaka suluhu. Aliuliza kwa nini nisiwaweke wote katika tangi moja, wabanane kama abiria wa daladala ya Mwanjelwa. Nilimjibu kwamba wekundu, wa buluu na wa njano ni jamii moja yenye asili ya Asia ya Mashariki, rangi zao zimepatikana kwa kuchagua wazazi vizazi kwa vizazi, na wakichanganywa wajukuu hurudia rangi ya porini, ya kahawia kama tope. "Kwa hiyo wewe," aliuliza Mzee akinitazama kwa huzuni, "umewawekea mipaka ya kuoana?"

Kisha Mwalimu akauliza kuhusu hita mbili za matangi ya chini. Nilisema kwamba hujizima zenyewe maji yakifika nyuzi 22. Alisema hita ya wati 50 isipozima hula yuniti 1.2 kwa siku, nazo ni mbili, na ni nani aliyewahi kuona maji ya Uyole yakifika nyuzi 22 mwezi Juni? Sasa jamani, mlitaka niwafumie masweta? Usiku hapa hushuka chini ya nyuzi 10, rafu ni ya chuma, sakafu ni ya saruji, halafu mtu anayepiga pasi suruali moja kwa nusu saa ananihesabia hita!

Kikao kiliamua kwamba kila tangi lihesabiwe kuwa mtoto mdogo, yaani nusu kichwa, hivyo mimi niliyehamia hapa kapera natambuliwa rasmi kuwa kaya ya watu wanne. Nilidai zamu nne za bafu. Nilinyimwa, kwa maelezo kwamba kamba wanaoga muda wote.

Sitaki hata kuanza kuzungumzia jirani anayepuliza dawa ya mbu dirishani kwangu, dawa ambayo kwa kamba ni sumu kali, ndani ya baridi ambayo mbu mwenyewe hawezi kuivumilia. Wala ndoo yangu ya kutulizia maji ya bomba ili klorini itoke, iliyoazimwa na kurudishwa na michirizi ya buluu ya dawa ya ukungu ya viazi, ambayo ina shaba, na shaba humuua kamba hata ikiwa kidogo.

Na jana nimefuata kifurushi stendi, majani makavu ya mti wa mkungu aliyonitumia shemeji kutoka Dar es Salaam, maana kamba huyatafuna polepole na kuparuza ukungu unaoota juu yake. Karani wa vifurushi alikifungua, akanusa, akamwita mwenzake naye akanusa. Nikawaambia ni chakula cha kamba. Wameniambia nirudi na barua ya mtendaji wa mtaa.