Kilo Tisini na Saba

Mimi ndege sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na mizani.

Nianze na mtaani kwetu Mbagala, maana huko ndiko nilikojiponza mwenyewe. Shemeji yangu, mdogo wake Mama Zuhura, alikuwa anaoa Kilindoni, kule Mafia. Ilikuwa mwezi wa saba, kusi limechachamaa, na Mama Zuhura akaapa kwamba yeye kwenye boti hakanyagi hata kwa kubebwa. Safari yake ya mwisho ya baharini alitapika kuanzia Nyamisati hadi gatini, na anadai mimi nilikuwa nimelala. Kwa hiyo ndege. Nauli ya watu wawili kwenda na kurudi niliipigia hesabu ya mifuko ya saruji, kama ninavyopigia hesabu kila kitu tangu nianze kujenga, nikaona ukuta mzima wa uani unaruka angani.

Pesa ikishatoka hivyo lazima uifaidi. Nikaanza kuaga. Muuza genge nilimwaga, kinyozi nilimwaga, na fundi viatu wa pale kona nilimwaga mara tatu. "Nasafiri kidogo," namwambia, halafu natulia, "kwa ndege." Hiyo "kwa ndege" nilikuwa naivuta mpaka mtu ananitazama usoni kuona kama nina mafua.

Siku yenyewe tukapanda bajaji. Dereva kusikia ndege, moja kwa moja katupeleka Jengo la Tatu, lile kubwa la mwaka 2019, vioo vitupu na taa kama harusini. Nikashuka na koti langu, nikavuta begi la magurudumu kwa madaha. Mlinzi akasoma karatasi yangu, akanirudishia taratibu, kwa huruma, kama daktari anayerudisha majibu.

"Mzee wangu, ya kwako haiko hapa. Iko kule jengo la zamani. Jengo la Kwanza."

Basi kurudi kwenye bajaji. Hilo Jengo la Kwanza ndilo la vindege vidogo, na ukiingia unajiona umefika ofisi ya kata: viti vichache, feni moja inasema "ng'wii" bila kutoa upepo, na watalii wa kaptula wamelalia mabegi yao. Sikuvunjika moyo. Ndege ni ndege.

Dada wa kaunta akaangalia begi langu la magurudumu akasema hili gumu haliingii, linatakiwa begi laini, la kukunjika, na lisizidi kilo kumi na tano. Mama Zuhura, ambaye alinionya tangu nyumbani na nikamwambia hajui mambo ya viwanja vya ndege, akatoa shangazi kaja kwenye mkoba wake, limekunjwa vizuri kama leso. Nikahamishia nguo zangu pale pale sakafuni, mbele za watu, chupi na suruali ya harusi. Likapimwa. Kilo tisa. Nikavuta pumzi.

"Haya baba, panda."

"Nipande wapi?"

"Mizani."

"Si mzigo umeshapima?"

"Mzigo tayari. Sasa wewe."

Mizani yenyewe ni ile ya jukwaa, ukubwa wa kupimia gunia la mahindi. Nikapanda. Sasa mtu na kazi yake ungetegemea aandike kimya kimya, au anong'one. Dada yule alimgeukia mwenzake aliyeshika kalamu upande wa pili wa chumba, akapaza sauti kama dalali wa mnadani:

"Tisini na saba!"

Watalii hawajui Kiswahili, lakini nakuapia walielewa. Mama Zuhura akanitazama kuanzia miguuni.

"Si uliniambia themanini na mbili?"

"Viatu hivi ni vya ngozi."

"Vua."

Nikavua. "Tisini na sita na nusu!" dada akatangaza, na yule wa kalamu akafuta akaandika upya. Alipopanda Mama Zuhura, wakamwandikia kwa kunong'onezana. Mpaka leo sijui uzito wa mke wangu. Wa kwangu unajulikana Dar es Salaam nzima.

Nikamuuliza kijana mmoja wa mizigo, kwa heshima tu, mwanangu, hivi kuna haja gani? Akanieleza vizuri. Ndege hii inachukua watu kumi na mbili hivi, na rubani lazima ajumlishe watu, mizigo na mafuta, halafu aupange uzito mbele na nyuma usielemee mkiani. Nyuma kukizidi, pua inanyanyuka. Akanionyesha uwanjani: "Unaona ule mti?" Nikaona. Chini ya mkia wa ndege kulikuwa kumesimamishwa mhimili, kama vile unavyoegemeza banda la kuku lililochoka, ili watu wakipanda kwa nyuma isije ikakaa chini kama mbwa. Nimelipa ukuta mzima wa uani kupanda kitu kilichoegemezwa gongo.

Rubani akatokea. Kijana mdogo, shati jeupe la mikono mifupi, miwani ya jua. Nikategemea atapita na maringo yake aende zake mbele. Wapi. Kabeba mabegi yeye mwenyewe, kayasukumia kwenye sanduku la chini ya tumbo la ndege, kachukua kitambaa kafuta kioo, kazunguka kagusagusa pangaboi, kaenda nyuma kaukagua ule mhimili. Kwenye daladala kazi hizo wanagawana dereva, konda na mpiga debe. Hapa mtu mmoja, na mshahara nadhani mmoja.

Mzee mmoja wa kanzu, mwenyeji wa Jibondo, kijisiwa cha pale Mafia, alikuwa anaitazama ile pua kwa makini.

"Mwanangu, injini nyingine iko wapi?"

"Ni hii moja tu, babu."

"Na hii moja ikizima?"

"Tunateleza taratibu hadi chini, babu."

Mzee akatikisa kichwa kama aliyejibiwa vizuri. Mimi nilikuwa natafuta ni neno gani hasa katika jibu lile lilimridhisha.

Halafu rubani akatutazama abiria mmoja mmoja, akashusha macho kwenye karatasi, akanyoosha kidole. "Mzee wangu, wewe utakaa mbele na mimi."

Hapo ndipo koti likapata kazi. Nilimgeukia Mama Zuhura nikamkonyeza. Nani katika ukoo wetu amewahi kukaa ubavuni kwa rubani? Nikavimba. Ni baadaye kabisa, nikiwa hewani, ndipo nilipokumbuka maelezo ya yule kijana wa mizigo kuhusu kupanga uzito mbele. Haikuwa heshima. Nilikuwa jiwe la kuzuia pazia.

Kiti cha mbele kina mlango wake na kingazi chembamba cha kunyooka. Kuingia pale ni kama kupita dirishani usiku umechelewa nyumbani: mguu unaingia, kichwa kinagonga, makalio yanabaki nje na uwanja mzima unayaona. Yule kijana wa mizigo alinisaidia kwa kunisukuma kutoka chini. Sitaki kulizungumzia zaidi.

Rubani akatugeukia, akahubiri kwa dakika moja: milango ile pale, maboya chini ya viti, mikanda fungeni, choo hakuna. Mimi peke yangu akaniongezea sura ya pili.

"Usiguse chochote."

Sasa nitagusaje, wakati vitu vyenyewe ndivyo vinanigusa? Mbele yangu kulikuwa na usukani wa pili, unaofuata kila unachofanya ule wa kwake. Akigeuza, na wangu unageuka peke yake, utadhani kuna jini limekaa mapajani mwangu. Tukakimbia njiani, injini inalia kama mashine ya kusaga, mapaa ya Kipawa yanapita dirishani, kasi imekolea, na kijana akaanza kuvuta usukani wake ili ndege inyanyuke. Na wangu ukaja. Ukaja, ukaja, ukanigota kitovuni, ukagoma.

Kijana hakupaniki. Bila kunitazama, macho yako mbele, akasema:

"Mzee, vuta tumbo."

Nikavuta. Jamani, nikalivuta mpaka likagusa uti wa mgongo. Na ndege ikanyanyuka. Nasema hivi na Mungu shahidi yangu: abiria wote wale siku ile walipaa kwa pumzi yangu. Nilipotaka kuiachia tulikuwa tumeshapita Chamazi, na kila iliponesa kidogo kwenye lile kusi nilikuwa naivuta tena kwa hiari yangu.

Nikiri pia, maana mimi si mtu wa kulalamika tu, kwamba ukifika juu ya delta ya Rufiji unasahau. Mto unafika karibu na bahari unachanika vijito kama nyuzi za mkeka uliofumuka, na katikati yake mikoko tu, kijani kibichi mpaka macho yanauma. Yule mzee wa Jibondo alikuwa nyuma yangu. Akanishika bega, akakibandua kisikilizi changu kimoja, akanipigia kelele sikioni:

"Hapo chini ndipo Mjerumani alipoficha manowari yake!"

Ni kweli. Königsberg ilijificha humo kwenye mikoko tangu Septemba 1914, Waingereza wakaigundua lakini wakawa hawaifikii. Wakaiteka Mafia Januari 1915, wakaleta vindege vyao kisiwani, na Julai 11 mwaka ule vindege vikawa vinazunguka juu kuelekeza mizinga, mpaka meli ikaishia pale pale. Mzee aliitoa hadithi hiyo yote kwa sauti ya adhana, akamalizia:

"Mafia ndege tunazijua kabla yenu nyie wa Dar!"

Nikataka kumuuliza kama na wale marubani walipimwa kwanza, lakini tulikuwa tumeanza kushuka na kazi yangu ya tumbo ilikuwa inaniita. Minazi, minazi, bati, minazi, halafu kipande cha lami katikati ya mji. Dakika thelathini na kitu jumla. Nilitoka jasho kama niliyepiga kasia.

Harusi ilikuwa nzuri, tusiipotezee muda. Linalohusu hapa ni mama mkwe. Mama mkwe wangu anaamini mkwe aliyeshiba ni yule ambaye ameshindwa kusimama. Asubuhi mkate wa kumimina, mchana wali wa nazi na pweza wa nazi, usiku samaki wa kupaka, naye nazi. Ukisema nimeshiba, anamgeukia bintiye: "Baba Zuhura hajapenda chakula changu?" Unakula. Siku nne.

Na siku ya kuondoka akaleta zawadi: nazi ishirini, zimefuliwa safi, ndani ya sandarusi. Nikamtazama Mama Zuhura. Mama Zuhura akatazama baharini.

Uwanjani Kilindoni aliyekuwa kaunta ni ndugu wa mke wangu. Pale mjini kila mtu ni ndugu wa mke wangu. Nikasema afadhali, huyu atanisitiri. Nikapanda mizani.

"Shemeji!" akapiga yowe. "Mia na moja!"

Watu wakacheka, mama mkwe akapiga vigelegele. Kwake ile ilikuwa ripoti ya kazi yake.

Nazi zikafuata. Kijana akaandika, akajumlisha, akajikuna. Ndege imejaa, akasema, na kuna wazamiaji wa Kizungu na mitungi na mavazi yao, uzito umepita. Kuna kitu lazima kibaki. "Sijui, Dada," akamwambia Mama Zuhura kwa adabu, "labda hizi nazi..."

Kukawa kimya. Mama mkwe amesimama pale pale, mkono kiunoni. Mama Zuhura akaitazama sandarusi. Akanitazama mimi. Nimeishi na mwanamke huyu miaka kumi na tisa, namjua akipiga hesabu.

"Nazi za mama haziwezi kubaki," akasema.

Tiketi yangu walisema watanihifadhia. Nilisimama kwenye uzio na watoto wa Kilindoni nikaipungia mkono ndege yenye mke wangu na nazi ishirini. Kesho yake nikapanda boti hadi Nyamisati. Kusi lilitupiga, nilitapika wali wa siku nne, lakini hakuna aliyenipima. Nilikaa juu ya gunia la korosho, tumbo nimeliachia lote. Na basi la kutoka Nyamisati linashusha Rangi Tatu, karibu kabisa na kwangu, kwa nauli ambayo hata mfuko mmoja wa saruji haifiki.

Napita kona na shangazi kaja langu begani, chumvi ya bahari imenikaukia usoni, fundi viatu akaniita. Ameshika simu. Kumbe Mama Zuhura ameweka picha: amekaa kiti cha mbele, visikilizi kichwani, rubani pembeni anatabasamu, na usukani uko mbali kabisa na tumbo lake.

"Karibu sana, mzee," fundi akasema. "Mama Zuhura tumemwona kwenye ndege tangu jana. Wewe umekuja na nini?"

Nikamwambia ashone viatu.